Nauza IST, nanunua Harrier: bima naihamishaje?

Ndugu wa safu ya magari, habari za kazi.

Naishi Uyole, Mbeya, nafanya biashara ya mchele. Nina Toyota IST niliyoikatia bima kubwa tarehe 10 Februari mwaka huu, thamani tuliandika milioni 14. Nililipa shilingi 578,200 kwa mkupuo na sijadai chochote tangu hapo. Sasa nimepata Toyota Harrier Dar es Salaam, mwenyewe ni mtu binafsi, si yadi. Tumekubaliana milioni 38.

Mpango wangu ni huu. Jumamosi namkabidhi IST mnunuzi, kijana anayetoka Dodoma, kwa sababu hela yake ndiyo itakayokamilisha ya Harrier. Jumapili napanda basi. Jumanne tarehe 10 Juni namalizana na mwenye Harrier na kuanza safari ya kurudi Mbeya nikiendesha mwenyewe.

Kila mtu ananiambia lake kuhusu bima. Kijana wa Dodoma anataka nimwachie IST na bima yake humo humo, anasema bado miezi minane na itamsaidia kwa kuwa anaipeleka kwenye teksi ya mtandao. Wakala wangu kasema hakuna kuhamisha, nikate upya na ile ya zamani niisahau. Mwenye Harrier naye kasema nisihangaike, gari lina bima ndogo iliyobakiza miezi mitatu, nitaendeshea hiyo mpaka iishe. Na shemeji yangu ananishauri Harrier niiandikishe milioni 25 ili ada isiniumize.

Nimsikilize nani? Na ile 578,200 yangu, kuna chochote kinachorudi? Huwa navuka Tunduma kwenda Nakonde mara mbili tatu kwa mwezi, kama hilo linabadilisha kitu.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya

—

Dada yetu wa Uyole,

Katika hao wanne hakuna hata mmoja wa kumfuata alivyosema. Anayekaribia ukweli ni wakala wako, lakini na yeye anataka kukutoa hela ambayo si lazima itoke. Usimkabidhi mtu ufunguo Jumamosi kabla hujasoma mpaka mwisho, kwa sababu tatizo lako kubwa halipo kwenye ada. Lipo kwenye siku tatu kati ya Jumamosi na Jumanne.

Tuanze na kijana wa Dodoma. Bima ya gari ni mkataba kati yako na kampuni, na mkataba huo unataja vitu viwili kwa pamoja: wewe, na gari lenye namba fulani ya usajili na namba fulani ya chesisi. Ukiuza gari, unapoteza maslahi ndani yake. Likiungua kesho, hasara si yako tena, na kampuni haiwezi kukulipa kwa hasara ambayo hujaipata. Mnunuzi naye hawezi kulipwa kwa sababu hakuwahi kuwa upande wa mkataba. Stika itaendelea kuonekana hai, trafiki atalipitisha gari, lakini siku ya ajali kampuni itauliza kwanza gari ni la nani.

Kwa upande wako kuna baya zaidi. Wewe ulisaini kwamba IST ni gari la matumizi binafsi. Teksi ya mtandao ni kubeba abiria kwa malipo, na bima ya gari binafsi haigusi kazi hiyo hata kama dereva ni mwenye gari mwenyewe. Kijana akimgonga mtu Dodoma na kadi ya gari bado inasoma jina lako, watu wa kwanza kutafutwa ni wewe na kampuni yako, na kampuni ina sababu mbili za kukataa: gari limeuzwa, na matumizi yamebadilishwa bila taarifa. Mwambie kwa upole kwamba bima anayotaka umwachie haitamfaa kwa lolote. Akakate yake, na aseme wazi kuwa ni ya biashara. Ada yake itakuwa juu ya ile ya binafsi, hilo halikwepeki.

Mwenye Harrier anakupa ushauri ule ule, safari hii ukielekezwa kwako. Bima ndogo yake inamkinga yeye akiwa mwenye gari, pamoja na mtu anayemruhusu kuliendesha. Ukishalipa milioni 38 na kusaini mkataba wa mauziano, huendeshi tena kwa ruhusa yake, unaendesha gari lako. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, unapita Mikumi na kupanda Kitonga, na ukiwa na hiyo bima ndogo gari lako lenyewe halina ulinzi wowote hata kama ingekuwa halali. Bima ndogo inalipa madhara unayowafanyia wengine tu.

Ila ile bima ndogo ina shida nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wameshakaa kwenye kiti cha wakala. Stika zote siku hizi zinatolewa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na mfumo huo haukubali gari moja kuwa na bima mbili zilizo hai kwa wakati mmoja. Ukienda kukata bima kubwa ya Harrier wakati bima ndogo ya mwenyewe haijafutwa, kampuni yako itaingiza namba ya usajili na kukataliwa. Wakala atakwambia mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui, kuna bima ya mtu mwingine ndani.

Kwa hiyo leo, kabla ya kukata tiketi ya basi, ingia kwenye tovuti ya TIRA ya kuhakiki stika, weka namba ya Harrier, uone bima ni ya kampuni gani, ya aina gani na inaisha lini. Kisha mpigie mwenye gari umweleze kwamba Jumanne asubuhi ataiandikia kampuni yake kuomba bima ifutwe kwa sababu gari limeuzwa. Barua ni fupi: namba ya bima, namba ya gari, tarehe, sababu, saini, na nakala ya mkataba wa mauziano. Ni yeye tu anayeweza kuomba hivyo, kwa kuwa mkataba ni wake. Usimlipe fedha yote mpaka barua hiyo iwe imepokelewa na wewe uwe na nakala iliyogongwa muhuri. Hili liwekeni hata kwenye mkataba wenu wa mauziano, mstari mmoja unatosha. Muuzaji aliyekwisha kupokea hela yote huwa mgumu kupatikana kwenye simu.

Sasa 578,200 yako. Wakala anaposema uisahau, tuichambue kwanza. Thamani ya milioni 14 kwa asilimia 3.5 ni ada ya 490,000. Juu yake VAT ya asilimia 18, yaani 88,200. Jumla ndiyo hiyo uliyolipa. Kuanzia 10 Februari mpaka Jumanne yako zitakuwa zimetumika siku 120, zimebaki 245. Kiasi gani kinarudi kinategemea neno moja utakaloandika kwenye barua yako.

Ukiandika kwamba unaomba kufuta bima, kampuni ina haki ya kukukata kwa jedwali la muda mfupi. Jedwali la kawaida, ambalo utalikuta kwenye mikataba mingi, linakwenda hivi: ukitumia bima wiki moja unakatwa moja ya nane ya ada ya mwaka; mwezi mmoja, robo; miezi miwili, tatu ya nane; miezi mitatu, nusu; miezi minne, tano ya nane; miezi sita, robo tatu; miezi minane, saba ya nane; ukipita hapo hakuna kinachorudi. Wewe umetumia miezi minne, kwa hiyo wanabaki na tano ya nane ya 490,000, ambayo ni 306,250, na wewe unapata 183,750 pamoja na VAT yake.

Ukiandika kwamba unaomba kubadilisha gari kwenye bima inayoendelea, hesabu inakuwa ya siku kwa siku. Siku 245 kati ya 365 za ada ya 490,000 ni 328,904. Kampuni haijapoteza mteja, haina sababu ya kukutoza adhabu ya kuondoka. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni 145,154 kabla ya VAT, kwa neno moja tu la barua. Ndiyo maana tunasisitiza: usitumie neno kufuta popote, wala usimwachie wakala akuandikie. Wakala hulipwa kamisheni kwa bima mpya anayokata, na kubadilisha gari kwenye bima iliyopo kunampa kidogo. Hatusemi kwamba wakala wako ana nia mbaya. Tunakwambia uiandikie kampuni moja kwa moja, kitengo cha ukataji bima, na wakala umpe nakala.

Tukisema barua tunamaanisha barua pepe yenye mambo haya: namba ya bima yako, namba ya usajili ya IST, halafu taarifa kamili za Harrier, yaani namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, rangi, idadi ya viti, ujazo wa injini, thamani, na matumizi. Namba ya chesisi usiinakili kwenye kadi peke yake. Mwombe mwenye gari apige picha bamba la chesisi kwenye gari lenyewe, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Sifuri ikisomwa kama herufi O, au namba 8 ikawa herufi B, stika itatoka vizuri tu na utaendesha miezi yote bila kujua; siku ya madai mkaguzi atasimama mbele ya gari lenye chesisi isiyo kwenye mkataba. Ambatanisha kadi ya Harrier, kitambulisho chako cha NIDA, TIN, na picha nne za gari pande zote pamoja na ya dashibodi ikionyesha kilomita. Omba wakujibu kwa maandishi mambo mawili: kiasi utakachoongeza na namna walivyokipata, na saa bima itakapoanza kwenye gari jipya.

Kiasi hicho unaweza kukikokotoa mwenyewe ili wasikuzungushe. Harrier ya milioni 38 kwa asilimia 3.5 ni ada ya 1,330,000 kwa mwaka. Toa 490,000 ya IST, tofauti ni 840,000 kwa mwaka mzima. Kwa siku 245 inakuwa 563,836. VAT yake 101,490. Jumla utaongeza 665,326, na bima itaisha tarehe ile ile ya mwanzo, 9 Februari. Wakikuletea hesabu iliyo juu sana ya hapo, waulize wametumia asilimia ngapi na siku ngapi. Wanaweza kuwa na sababu, kwa mfano umri wa gari au nyongeza ulizoomba, lakini sababu hiyo iandikwe.

Uwe nayo hiyo hela tayari siku hiyo hiyo. Sheria ya Bima ya 2009 hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijapokelewa au haijawekewa dhamana ya malipo. Ahadi ya wakala kwamba endesha tu, utalipa ukifika Mbeya, haina thamani yoyote, hata akiwa ndugu yako. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, dai risiti ya EFD yenye jina la kampuni.

Tufike kwenye siku zako tatu. Mpango wako ulivyo, kuanzia Jumamosi IST itakuwa kwa kijana, bima ikisoma jina lako na namba ya IST, na haitakuwa na kazi kwa yeyote kati yenu. Kijana hawezi kukata ya kwake kwa sababu yako bado ipo hai kwenye mfumo. Kampuni yako haiwezi kuihamishia kwenye Harrier kwa sababu ya mwenye Harrier nayo ipo hai na gari bado si lako. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na IST iko barabarani kuelekea Dodoma.

Njia iliyo bora ni kijana akulipe Jumamosi, msaini mkataba mbele ya wakili, lakini gari alichukue Jumanne. Andikeni kwenye mkataba kwamba umiliki na hatari vinahamia kwake siku na saa ya kukabidhi, na kwamba mpaka saa hiyo gari litabaki limefungwa kwako Uyole. Funguo mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini. Jumanne bima ikishahamia kwenye Harrier, unapiga simu, kijana anakata yake hapo hapo Mbeya, stika yake ikishaonekana kwenye tovuti ya TIRA ndipo anapewa funguo. Ni siku tatu tu za kuvumilia, na zinamlinda yeye kuliko wewe, maana ndiye anayeanza safari ndefu na gari lisilo na kinga.

Asipokubali, na watu wengi hawakubali kulipa milioni kadhaa kisha waende kwao mikono mitupu, basi fanya hivi. Ijumaa, siku ya kazi, iombe kampuni iiondoe IST kwenye bima kuanzia saa utakayoikabidhi na salio lako ulitunze kwa ajili ya Harrier itakayoingia Jumanne. Barua iseme waziwazi kwamba ni gari linabadilishwa, si bima inafutwa, na salio lihesabiwe siku kwa siku. Jibu lao lipate kabla ya Jumamosi. Kijana atakata yake Jumamosi hiyo hiyo kabla hajaondoka. Sio kila kampuni itakubali kuacha salio likining'inia siku tatu bila gari. Wakikataa, rudi kwenye njia ya kwanza, usiilegeze.

Kuna wanaofikiria njia ya tatu: kuihamishia bima kubwa kwenye Harrier na IST kuikatia bima ndogo ya 118,000, ambayo ni ada ya 100,000 pamoja na VAT, mpaka iuzwe. Kwa hesabu inafaa kidogo kuliko kukata bima mpya ya Harrier na kuifuta ya IST baadaye, kwa sababu ile adhabu ya 145,154 ukiongeza VAT inafika 171,282. Unaokoa kama elfu 53. Kwako haina maana kwa sababu mnunuzi unaye tayari, na siku mbili tatu hazistahili 118,000. Inamfaa mtu mwenye magari mawili kwa mwezi au zaidi, ambaye la zamani linalala ndani ya geti. Akumbuke tu kwamba likiibiwa halilipwi.

Na kwa njia yoyote, usipange mambo haya Jumamosi wala mwisho wa mwezi. Stika inaweza kutoka kwa wakala saa yoyote, lakini kubadilisha gari na kufuta bima ya mtu kunapita kwenye meza ya mkataji bima wa makao makuu, na huyo Jumamosi mchana hayupo. Jumanne yako ni siku nzuri. Muwe mmeanza saa mbili asubuhi.

Ushauri wa shemeji wa milioni 25 ndio uliotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu umevaa sura ya akiba. Kweli ungelipa pungufu: milioni 13 zilizofichwa kwa asilimia 3.5 kwa siku 245 ni 305,411, na VAT inafika 360,385. Hiyo ndiyo faida yote. Sasa tafuta kwenye mkataba wako kifungu cha uwiano, kinachosema kwamba gari likikatiwa bima chini ya thamani yake, mwenye gari anahesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki. Ukigonga ng'ombe pale Igurusi na matengenezo yakawa milioni 6, kampuni italipa 25 kwa 38 ya hiyo, yaani takriban 3,947,000, kisha itoe kiasi cha kuchangia cha mwenye bima, yaani sehemu ya dai unayojilipia mwenyewe. Zaidi ya milioni 2 zinatoka mfukoni mwako kwa ajali ya bampa, taa na boneti. Gari likiungua lote, unapewa milioni 25 na hakuna pa kulalamika, maana namba uliiandika wewe. Hata kama mkataba wako hauna kifungu hicho, hilo la mwisho linabaki vile vile.

Kupandisha nako hakusaidii. Ukiandika milioni 45 utalipa ada ya 45 na kulipwa bei ya soko ya siku ile. Thamani sahihi ni bei ya gari la aina hiyo, mwaka huo na hali hiyo likiwa limesimama Tanzania, kodi zote zimelipwa. Bei ya kwenye tovuti za Japani siyo, kwa kuwa ushuru haumo. Na hapa kuna mtego mwingine. Katika kuhamisha umiliki, ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na wauzaji na wanunuzi wengi huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kuupunguza. Ukiandika milioni 20 badala ya 38 unaokoa 180,000 TRA, ambayo kwanza ni kosa, na pili mkataba huo huo ndio kampuni ya bima itakaouomba gari likiibiwa. Utakuwa umewapa kwa mkono wako karatasi inayosema gari lako ni la milioni 20. Andikeni 38.

Uhamisho wa umiliki wenyewe ufanye mara moja, wa magari yote mawili. Bima inaweza kuanza ukiwa na mkataba wa mauziano na risiti, lakini madai ya gari lililoharibika kabisa au lililoibiwa hayamaliziki kadi ikiwa ya mtu mwingine. Kampuni ikikulipa inachukua mabaki na inahitaji kadi iliyo kwa jina lako ili iyahamishie kwake. Kadi ya IST nayo isibaki kwako hata mwezi. Andika kwenye mkataba na kijana nani analipia na lini, na hakikisha mwenyewe kwamba imeshatoka kwenye jina lako.

Dai pia funguo zote mbili za Harrier. Gari likiibiwa, kampuni huomba funguo zote zilizotoka nalo, na mtu mwenye mmoja tu huulizwa wa pili uko wapi na nani anao. Muuzaji akisema ulipotea, iandikwe kwenye mkataba wa mauziano na uijulishe kampuni sasa hivi, kabla hakijatokea kitu. Ukiwa hapo, uliza wizi wa vipuri: Harrier huvutia wezi wa vioo vya pembeni na taa, hasa ikilala nje Dar, na mikataba mingine haivilipi au inaviwekea kikomo kidogo sana. Rimu, redio ya kioo kikubwa na kifaa cha kufuatilia gari alivyoongeza mwenyewe havimo kwenye thamani mpaka uvitaje kimoja kimoja na bei zake.

Kampuni ikikataa kukuhesabia siku kwa siku bila kukuonyesha kifungu, omba ikujibu kwa maandishi na malalamiko uyapeleke TIRA. Wana ofisi za kanda, Mbeya ikiwemo. Mgogoro ukikua kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko huhitaji wakili. Mara nyingi barua inayotaja TIRA inatosha kuipata hesabu sahihi.

Jumanne stika ikishatoka, usiondoke kwa kuangalia ujumbe wa simu peke yake. Rudi kwenye tovuti ya TIRA, weka namba ya Harrier usome: kampuni ni yako, aina ni bima kubwa, tarehe ya kuanza ni ya leo. Weka namba ya IST pia, uone haipo tena chini ya bima yako. Kisha chukua kavanoti mpya, yaani hati ya kuthibitisha bima, na nyongeza ya mkataba inayotaja mabadiliko ya gari. Kampuni zingine huiita endosimenti. Bila karatasi hiyo, mkataba ulio nao nyumbani bado unataja IST.

Na Nakonde, ndiyo, inabadilisha kitu. Kadi ya njano ya COMESA uliyonayo imeandikwa namba ya IST, haihami na bima. Iombe upya kwenye barua ile ile ya kubadilisha gari, na ile ya zamani irudishe. Kadi hiyo inalipa madhara utakayowafanyia watu Zambia, hailipi Harrier yenyewe. Bima kubwa yako, isipokuwa imeandikwa vinginevyo, mipaka yake ni Tanzania, kwa hiyo ukivuka mpaka wa Tunduma gari la milioni 38 linabaki halina kinga. Omba bima ipanuliwe ifike Zambia na wakutajie ada yake, maana kwa safari mbili tatu kwa mwezi utaihitaji. Jibu likichelewa, safari za kwanza pandia gari la abiria mpaka Tunduma, uvuke kwa miguu.

Dawati la magari